Shangazi Hasamehe Nusu

Asubuhi ya kumtoa mtoto nje, kabla hata sufuria ya kwanza ya pilau haijaanza kunukia, Mishi Singano aliona uzi mweupe kwenye kizingiti cha chumba cha mzazi.

Ulikuwa mwembamba kama unywele wa bibi kizee. Ulitokeza kwenye ufa wa saruji, ukainama kuelekea ndani. Mishi alisimama na beseni la vitunguu kiunoni akiutazama. Ulikuwa uzi wa Shangazi, na Shangazi hakuwa na desturi ya kuingia kwenye nyumba za watu. Miaka yote aliyoishi chini ya mji wa Kwemshindo alikaa kwake udongoni, akila alichoagizwa kula na kuacha alichoambiwa aache. Mishi akaupitishia ufagio, uzi ukakatika. Kabla hajageuza mgongo, ncha nyingine ilikwisha chomoza palepale, nayo imeinama vilevile, kuelekea kitandani.

"Mishi! Hivyo vitunguu unavimenya au unavibembeleza?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kidawa, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye siku isiyo na habari humpa homa. "Tunakungoja, mama mkubwa wa serikali!"

"Nakuja, mwana wee, usinipigie mbiu!"

Akausukumia mkeka juu ya ule ufa, akatoka.

Uwani palikuwa hapatoshi. Mtaa mzima ulikuwa umehamia kwa Mishi tangu alfajiri: waliokuja kupika, waliokuja kusaidia, na waliokuja kuona nani kaja. Wengine walikaa juu ya vinu vilivyolazwa, wengine kwenye ngazi. Mikoba yao waliitundika kwenye kisiki cha mwarobaini kilichobaki katikati ya ua, kikavu, cheupe kama mfupa. Kidawa alikuwa ameshika kisu mkono mmoja, na shingoni alining'iniza pampu yake ya pumu kama mkufu. Hajaivuta tangu Shangazi aletwe mjini. Anaivaa kwa mapambo, na kwa kujishaua kidogo kwamba naye aliwahi kuugua akapona.

"Haya, semeni wenyewe," Kidawa alikuwa akiwaambia wenzake, "shughuli ya arobaini bila asmini ni shughuli hiyo? Nilikuwa na asmini mimi, ukipita barabarani unasimama. Shoga yangu huyu akaja na kikombe chake, akanikatia kijiti kimoja tu. Siku ya tatu nimeamka, nimekuta ufagio."

"Si una kilua sasa? Kinanukia zaidi," Mishi akasema.

"Kinanukia, ndiyo. Lakini asmini ilikuwa inanijua."

Wakacheka. Mishi naye akacheka, jicho lake likiwa mlangoni kwa bintiye, Riziki.

"Tazameni, tazameni!" mmoja akapaza sauti, akinyoosha mwiko kuelekea bomba la maji.

Kwenye tope la bomba palikuwa pamechipuka kijimche, majani yake yamekatwakatwa kama majani ya karoti. Kila mtu pale alikijua. Mbegu za gugu karoti bado zilikuwa zimejaa ardhini, na kila asubuhi moja au mbili zilijaribu bahati. Wanawake wakanyamaza, wakikitazama. Kijimche kikatetemeka kama mtu aliyeguswa kwapani. Kikalala upande. Kisha kikazama chini, majani ya mwisho yakifuata shina taratibu, na tope likajifunga juu yake.

"Kifungua kinywa!" Kidawa akapiga makofi. "Kula, Shangazi, kula, mwana wa watu!"

*

Waliohamia Kwemshindo karibuni hawaelewi kwa nini watu wazima wanashangilia jani kuzama. Hawakuwapo enzi za gugu karoti. Lilikuja na mbegu za msaada mwaka wa njaa, likamaliza malisho, likafika watu kifuani. Maziwa ya mbuzi yakawa machungu hata watoto wakayatema. Maua yake yalipokomaa, vumbi lake likaingia vifuani. Singano, mume wa Mishi, alikufa ameketi, kwa kuwa kulala kulimkata pumzi. Alifia mikononi mwa mkewe, macho yamemtoka, kama mtu anayetaka kuuliza jambo na hapati nafasi.

Kwa hiyo Idara ya Bustani ilipoleta sheria yake, kwamba kila ua, kila uzio na kila ukingo wa barabara ya mji ule ipandwe mimea ya asili ya pwani hii peke yake, na iliyotoka ng'ambo iondoke, Mishi hakuhitaji kuhubiriwa. Yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwahubiria wenzake. Bogamvilia zikaondoka. Mijohoro ikaondoka. Miembe ilibishaniwa wiki nzima mkutanoni, watu wakitoleana maneno makali, mwisho ikaachwa izeeke ifie hapo bila kupandwa mingine.

Na sheria hiyo haikusimamiwa na askari. Wataalamu walichukua ule uyoga ambao mchwa huulima ndani ya vichuguu vyao, wakaubadilisha maumbile, wakaufundisha kuonja. Nyuzi zake zilisambazwa chini ya mji mzima. Kila mzizi zinaouonja una ladha yake, na kila ladha zinaitia alama: mwenyeji au mgeni. Mwenyeji hunyweshwa maji na nyuzi zilezile. Mgeni huliwa. Jina lake la ofisini ni refu na lina namba. Mtaani waliuita Shangazi, maana unapita chini ya kila nyumba, unajua nani kapanda nini, na haujawahi kufunga mdomo.

Kila mtaa ulipewa mlishaji mmoja. Nyuma ya jiko la Mishi kulikuwa na bomba la udongo lililozamishwa ardhini, limefunikwa kwa kifuniko cha chungu. Hilo ndilo lililoitwa mdomo. Ukitia kipande cha mmea pamoja na maji ya shubiri, unamwambia Shangazi: huyu mle. Ukikitia na maji ya miwa, unamwambia: huyu wetu, mwache. Kazi ilikuwa nyepesi. Mishi alitia shubiri kwa asmini ya Kidawa, na mvua zilizopita alitia shubiri kwa mwarobaini wa uani kwake mwenyewe, nao pia asili yake ng'ambo, kwani angewezaje kuukata wa jirani na kuuacha wake? Mavyaa wake, Bi Mwanjaa, aliulilia ule mti kama maiti. Hakula siku nzima.

*

Mishi aliingia chumbani na bakuli la uji wa pilipili manga. Riziki alikuwa amekaa kitandani akijikuna nyayo kwa ukingo wa kanga.

"Mama, zinawasha tena. Mafuta ya nazi hayasaidii."

"Lete nione."

Kwenye kisigino kulikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za unga, vimejipanga mstari. Mishi akakisugua kimoja kwa kidole gumba. Hakikutoka. Akamfunua mjukuu wake, Sikudhani. Mtoto alikuwa amelala ngumi zimekazwa, kichwa kimenyolewa asubuhi hiyohiyo na kinang'aa. Mishi akamgeuza mguu. Vidoa vilikuwapo, kwenye unyayo ambao haujagusa ardhi hata mara moja.

Alipoinua macho aliona nyuzi tatu zimekwisha pita chini ya mkeka. Zilikuwa zimeshika mguu wa kitanda.

"Riziki, usishushe miguu chini. Unanisikia? Kaa hapohapo na mtoto."

"Kuna nini, mama?"

"Kaa, mwanangu."

Bi Mwanjaa alikuwa barazani, amevaa leso mpya, akifunga nywele za mtoto kwenye kitambaa cheupe. Pumzi yake ilikuwa fupi tangu zamani za gugu, kwa hiyo alisema kwa mafungu, na kila fungu lilikuwa na mwiba wake.

"Mama, kitovu cha mtoto ulikizika wapi?"

"Kwani wewe... huna macho? Si kuna mche wa mkongo pale mlangoni... waliotupa hao mabwana zako?"

"Nakuuliza ulikizika wapi."

Mzee akafunga fundo la kwanza. Akafunga la pili.

"Nimzike kitukuu changu... chini ya mche wa ofisi? Mche una kibao cha bati shingoni kama mbwa! Kitovu cha mumeo kiko kwenye mwarobaini. Cha Riziki kiko kwenye mwarobaini. Cha huyu nacho... nimekitia palepale. Jamaa moja."

"Mama! Mti ulikuwa umeshakauka!"

"Juu umekauka. Chini... uliingia ukaona?"

Mishi akakaa chini kwenye ngazi. Mzee alisema kweli. Juu ulikuwa umekauka, lakini chini, wakati kile kitovu kinafukiwa, Shangazi alikuwa bado mezani, anaimalizia mizizi.

*

Bwana Kaoneka, mtaalamu wa Idara, alikuwa amealikwa pilau. Mishi alimkuta langoni anavua viatu, akamvuta mkono moja kwa moja hadi chumbani, wanawake wakipiga miluzi nyuma yao.

"Loo, mjane kapata!" Kidawa akapiga kelele. "Msubiri basi pilau liive!"

Kaoneka alikuwa kijana mpole, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari unakata. Alichomoa mfukoni kile kijiti chao cha kupimia. Kikiguswa kwenye mzizi huwaka kijani kwa mwenyeji, njano kwa mgeni. Kwa binadamu huwa hakiwaki. Mtu si shughuli yake. Alikigusisha kwenye kiganja chake mwenyewe kwanza, kwa mazoea. Giza. Kisha kwenye kisigino cha Sikudhani.

Kikawaka njano.

Akakifuta kwenye shati, akagusa tena. Njano. Akagusa mguu wa Riziki. Njano. Kwenye kioo kidogo cha kijiti yakatokea maneno mawili, Mishi akayasoma begani kwake: gugu karoti.

"Gugu?" Riziki akasema. "Mwanangu gugu?"

"Siyo hivyo, dada." Kaoneka alilamba midomo. "Shangazi hatambui vitu kwa majina. Anavitambua kwa ladha, na vinavyokaa shimo moja anavitia alama moja. Pale kwenye mwarobaini mlizika kitovu. Na chini ya kivuli chake, nadhani, ndipo gugu lilipobakiza mizizi yake ya mwisho."

"Ndipo," Mishi akasema. Yeye mwenyewe aliling'oa hapo mara ngapi.

"Basi alipoonja, alionja vyote pamoja. Mti, gugu, na damu yenu. Kwake ni mmea mmoja. Sehemu ya mizizi ameshaimaliza." Akazitazama zile nyuzi kwenye mguu wa kitanda. "Sasa anatafuta matawi."

Nje mtu alikuwa anapima ngoma, anaigonga na kuipasha moto.

"Imeshatokea kwingine?" Mishi akauliza.

"Mtaa wa Chini. Mzee mmoja." Kaoneka hakumalizia. "Amri ya Idara ni kuwavusha. Leo, kabla jua halijazama. Ng'ambo ya mto nyuzi hazifiki."

"Ng'ambo ya mto kuna gugu hadi kifuani!"

"Kuna barakoa, mama."

"Za watoto wachanga mmeshashona? Nionyeshe. Nionyeshe hiyo barakoa ya kumtosha huyu." Mishi alimshika taya mjukuu wake kwa vidole viwili. Uso wote ulienea kwenye kiganja. "Mume wangu alikuwa mtu wa kubeba magunia, Bwana Kaoneka. Lilimmaliza msimu mmoja."

Kaoneka akatazama sakafu.

"Mimi ni mlishaji," Mishi akasema polepole. "Naweza kumwambia amwache."

"Ndiyo ninachokiogopa." Sasa alinong'ona. "Ukimtilia utamu kwa damu hii, atasamehe alama nzima. Shangazi hasamehe nusu. Atawaacha hawa wawili, na gugu ataliacha vilevile. Siyo uani kwako tu. Alama ni moja, mji mzima. Kila mbegu iliyolala huko chini itapata ruhusa."

"Halafu mnamfundisha upya."

"Kwa shubiri gani? Nikimtia shubiri gugu, ninamtia shubiri mtoto. Tumejaribu maabara kuvitenganisha, hatujaweza. Labda mwakani. Labda isiwezekane kabisa." Akachomeka kijiti mfukoni. "Nitakwenda kuita gari. Wafungie nguo. Nakuomba, Mama Riziki. Wewe ndiye uliyetufungulia milango ya mtaa huu."

Alipotoka, Riziki hakulia. Alikuwa ameipandisha miguu yote kitandani, amemkumbatia mtoto, anamtazama mamake kama alivyomtazama utotoni radi zikipiga.

*

"Mtoto! Mtoto! Tunataka mtoto!"

Walikuwa wameshaanza. Desturi ni moja: bibi wa nyumba humchukua mtoto mikononi, humtoa mlangoni, huzunguka naye ua, kisha huzigusisha nyayo zake ardhini, aijue nchi nayo imjue. Mishi akasimama mlangoni, mikono amekamata fremu.

"Leo tusimkanyagishe. Jua kali. Tutamkanyagisha siku nyingine."

Ua ulilipuka kwa kicheko.

"Siku nyingine ipi, wewe? Arobaini inaahirishwa kama kikao?"

"Huyo kashazoea ofisi! Ngoja atoe na fomu!"

"Nipishe," akasema Bi Mwanjaa, tayari mikono mbele. "Nipishe... mke wa mwanangu. Mimi ndiye ninayemtoa. Nimengoja... sijui kama nitapata mwingine."

Mishi alimtazama yule mzee na pumzi zake za kukopa. Akamtazama Kidawa na mkufu wake wa pampu. Akawatazama wote, wanene kwa wembamba, midomo imefunguka kwa kicheko, vifua vinapanda na kushuka bila hata mmoja kufikiria kwamba vinapanda na kushuka. Watu hawa walimwamini. Alikuwa amekunywa chai kwenye kila nyumba ya mtaa ule, akiwaambia: toeni maua yenu, mtapata pumzi. Wakatoa. Wakapata.

Nyuma yake kitanda kililia. Ni kimlio kidogo tu, mbao inaposogezwa. Hakuna mtu aliyekuwa amekisogeza.

"Mama," Mishi akamwambia mavyaa wake, "nipe hizo nywele."

"Za nini?"

"Nipe nikaziweke. Wewe mchukue mtoto. Zunguka naye taratibu. Taratibu, mama, usikimbizwe na ngoma."

Kwa hilo mzee alifurahi hata akasahau kuuliza.

Jikoni muwa ulikuwepo, uliletwa kwa ajili ya watoto wa wageni. Mishi aliuponda kwa mchi huku vigelegele vikipita juu ya paa. Akakamua kwa mikono yote miwili, maji yakamchuruzika hadi viwikoni. Akafunua mdomo. Harufu ya chini ikapanda, ya uyoga na ya mvua ya kale. Akafungua mafundo ya kitambaa: la pili, kisha la kwanza. Nywele za Sikudhani zilikuwa laini hata hakuzihisi mkononi.

Alisimama hapo. Kama angemwita Kaoneka, gari lilikuwa njiani. Kama angewaita wale wanawake waje wasikie, awaambie, amueni nyie, vifua ni vyenu, wangesema nini? Aliwajua. Nusu wangelia wamwambie tia. Nusu wangekwenda zao wakaita wanaume. Hakuwaita. Na baadaye, kila alipolikumbuka jambo lile, kumwaga hakukumtesa kama hilo la kutowaita.

Akazitia nywele. Akamwaga utamu wote juu yake, hadi tone la mwisho.

*

Bi Mwanjaa alikuwa amefika mbele ya kisiki. Ngoma ilinyamaza. Riziki alisimama mlangoni, miguu bado juu ya kiti alichosogezewa hadi pale, mkono mdomoni. Mzee akainama, goti likalia, akashusha zile nyayo mbili taratibu hadi kwenye udongo.

Mishi alitokea ukutani kwa wakati huo. Aliona nyuzi. Zilikuwa zimechomoza, zimekizunguka kisiki, nyeupe, nyingi, zimenyanyua vichwa. Nyayo zikagusa. Nyuzi zikasita. Kisha zikalala, moja baada ya nyingine, zikarudi chini kama maji yanavyorudi mchangani.

Sikudhani akapiga chafya moja, akalia.

"Kaijua nchi! Kaijua!"

Vigelegele vilipasua ua. Ngoma ikaanguka juu yake, wanawake wakafunga leso viunoni, vumbi likapanda. Riziki aliruka kutoka kwenye kiti akakimbia peku hadi kwa mwanawe, akamkamata, akamgeuza miguu akiitazama, akicheka na kulia kwa mpigo mmoja. Mishi alijikuta naye anacheka. Kwa muda huo hakujuta. Aseme uongo?

Kaoneka alikuwa amerudi na dereva. Alisimama langoni, akamwona Riziki peku ardhini na mtoto mikononi, akamwona Mishi na viwiko vyake vinavyonata, inzi wameshaanza kumzunguka. Alitembea hadi kwenye bomba la maji, akachuchumaa kwenye tope na suruali yake ya pasi.

Kijimche kilikuwa kimechipuka tena, pacha wa kile cha asubuhi. Kilikuwa kimesimama. Kaoneka akakigusa kwa kijiti.

Kijani.

Akamwinulia Mishi kile kijiti kidogo, amwonyeshe, kisha akakizima, akatoka bila kula pilau la watu.

Mishi akapita katikati ya wachezaji. Akachuchumaa, akaking'oa kile kijimche na mzizi wake. Kando yake palikuwa na kingine. Hapo nyuma ya ukingo wa bomba vilikuwa vitatu, vidogo, vya kupendeza hasa ukivitazama karibu. Akavuta nguo yake ya shughuli hadi magotini, akaanza kung'oa.

"Jamani, mtazameni huyu!" Kidawa alikuja akicheza, jasho linamtiririka, leso imemteleza. "Wageni wamejaa uani naye yuko matopeni analima! Shangazi leo umempa likizo?"

"Kidawa, chuchumaa hapa. Nisaidie."

"Nikusaidie nini? Mwachie mwenyewe, si ndiyo chakula chake?" Akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kikohozi. Akakohoa tena, akajipiga kifua. "Mh! Vumbi la wachezaji hili." Kwa mazoea ya miaka mingi iliyopita mkono wake ukapanda shingoni, ukaishika ile pampu, ukaitikisa, ukaitia mdomoni na kuibonyeza.

Haikutoa kitu. Akaitazama, akaigonga kiganjani, akamgeuzia Mishi ili acheke naye.

"Kavu, shoga! Tangu lini hii nimeijaza? Nani tena alikuwa na haja nayo?"

Mishi hakuinua kichwa. Alikuwa ameona kimoja chini ya kidole cha mguu wa Kidawa, kinanyooka taratibu pale alipokuwa amekikanyaga.